Mng'ao Uliopotea Issenye

Nyamisangura, Tarime
8 Julai 2024

Steven,

Mng'ao wa bastola yangu ya kuanzishia mbio umepotea. Umepotea kati ya tarehe 3 Juni, nilipokukabidhi hapa dukani kwangu, na juzi Jumamosi, dereva wa Noah ya abiria aliponirudishia ikiwa imeviringishwa kwenye taulo. Nimeanza na hilo ili baadaye usiseme lilijificha nyuma ya salamu.

Sasa salamu. Hatujambo. Dada yako Eunice amejifungua salama, mtoto wa kike. Zahanati wanasema kilo tatu na robo. Kwa mizani yangu ya misumari ni kilo tatu na gramu mia tatu, na mizani yangu ilihakikiwa mwezi wa tano, ya zahanati sijui. Saruji imepanda tena. Mume wangu anakusalimu na anasema nisikuandikie kwa hasira, kwa hiyo hii unayosoma ni barua ya pili. Ya kwanza ameichana.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Nimepiga. Kila nikifika kwenye neno bastola, mtandao wa Issenye unakatika. Barua haikatiki katikati.

Unaijua historia yake. Nikiwa msichana nilikimbia mbio za Nyarero, aliyeanzisha akapuliza filimbi kwa mbali, wenzangu wakaondoka mimi nimesimama namsubiri apulize. Nikaapa kwamba nikipata fedha, Nyarero itaanza kwa mlio wa kusikika hadi kaburini. Nimeuza misumari kwa kilo, nimeuza mabati, nimefika. Mwaka 2017 nikampa baba yako fedha aende Mwanza kuninunulia bastola ya mbio, ile isiyo na risasi, ya fataki tu. Alinieleza vizuri mwenyewe: kiwanda kimoja, bastola mbili. Tumbo moja, ngoma ya kuzungusha fataki moja, mlio mmoja. Tofauti ni ngozi. Ya bei ya juu imesuguliwa kiwandani hadi inang'aa, na mpini wake ni wa mti. Ya bei ya chini imeachwa imepauka, mpini wa plastiki, na ni karibu nusu bei. Nikamwambia Nashoni, sikukimbia maisha yangu yote ili nije kushika iliyopauka. Niletee ya juu. Akaleta nyeupe inayong'aa, hata mafuta ya midomo nilikuwa najipaka kwa kuitazama.

Nimekuazima wewe kwa michezo ya shule yako. Imerudi rangi ya sufuria ya msibani.

Nataka kujua umeibadilisha na nani, na huyo mtu anakaa wapi. Mimi na wewe hatujagombana. Nauliza tu.

Shangazi yako anayesubiri,
Felista Magige


Issenye, Serengeti
29 Julai 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya pamoja na Baba Eunice, Eunice mwenyewe, na huyo mgeni mdogo ambaye kilo zake kwa kweli zimenifurahisha. Mshukuruni Mungu. Sisi huku tunaendelea. Jua ni kali, ng'ombe wanapita katikati ya uwanja wa mpira kila asubuhi kama wana kipindi, na nimepangiwa madarasa mawili zaidi kwa sababu mwalimu Lusekelo amehamishiwa kwao Mbeya. Mchumba wangu Kokushubira anakuamkia sana. Kila siku ananiuliza habari za Nyamisangura, na ameniomba nimweleze unapenda chakula gani. Nilimwambia unapenda ukweli na samaki wa kukaanga.

Shangazi, kuhusu ile bastola. Niruhusu niseme kwa heshima kwamba sikuibadilisha. Iliyorudi ndiyo iliyokuja. Michezo ilikwenda vizuri mno. Wakimbiaji wa mita mia waliposikia mlio wake, hata watazamaji watatu walikimbia. Baada ya hapo tuliisafisha, kwa sababu kitu cha kuazima hakirudi na vumbi, tukaifunga kwenye taulo jipya. Taulo ni zawadi.

Mimi si mtaalamu wa vyuma, lakini nimesoma kwamba vitu vya kung'aa hupungua kung'aa kadiri miaka inavyokwenda.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni la kwanza. Wazee wa kwao Kokushubira huko Muleba wametukubalia siku ya kupeleka posa, Jumamosi tarehe 26 Oktoba. Baba yake aliniuliza swali moja tu: shangazi yako atakuja? Nikasema atakuja. Akasema basi na sisi tutakuwepo. Shangazi, bila wewe hiyo safari haipo. Naomba uniandikie kwamba upo.

Ni mimi mwanao,
Steven


Nyamisangura
16 Agosti 2024

Steven,

Marahaba. Salamu zako zimejaza karatasi, jibu lako limekuwa mistari miwili. Taulo nimelipokea, linatoa rangi.

Vitu vya kung'aa hupungua kung'aa kadiri miaka inavyokwenda. Sawa. Hii ilikaa kwangu miaka saba haikupungua, ikaja kwako mwezi mmoja ikaisha. Huko Issenye miaka mnaihesabuje?

Halafu nimeipima. Mimi kila kinachotoka dukani kwangu napima, hata kama ni cha ndugu, hasa kama ni cha ndugu. Ilitoka na gramu mia sita na arobaini. Imerudi mia sita thelathini na moja. Gramu tisa, Steven. Mume wangu amesema labda ni vumbi, ilikwenda na vumbi la Nyarero ikarudi bila. Nikachota vumbi hapa nje nikapima gramu tisa, nikamwonyesha. Ni kijiko kizima kilichojaa. Nikamuuliza kama aliwahi kuniona nikianzisha mbio na kijiko cha udongo mkononi. Akaenda kulala.

Na umeandika "tuliisafisha". Wewe na nani?

Habari nyingine. Baba yako amekuja kutoka Nyarero na jogoo. Wiki iliyofuata akaja na beberu. Tangu tuzaliwe tumbo moja Nashoni hajawahi kuniletea hata yai. Amekaa kwenye kiti cha wateja akaitazama bastola mezani, akasema, "Dada, kitu kidogo hiki, kisitutenganishe na mtoto. Nipe niipeleke Sirari, kuna fundi mmoja anajua kazi." Nikamuuliza, fundi gani? Akasema, "Fundi tu." Nikamwambia, "Anatengeneza bastola?" Akasema, "Anatengeneza mabomba ya pikipiki." Kisha akakumbuka ana mgonjwa.

Beberu bado yupo. Anakula maboksi yangu.

Mwenyekiti wa kamati ya mbio, Waisiko, amesikia. Sijui nani amemwambia. Amenipigia kusema kwamba tarehe 14 Oktoba kama silaha yangu ni mgonjwa, yeye filimbi anayo. Alisema filimbi kwa sauti tamu sana.

Kuhusu Muleba. Unajua, na kama hujui muulize mama yako, kwamba ng'ombe waliotolewa mahari kwa ajili yangu ndio walewale walioswagwa kwenda kumleta yeye. Nyumba uliyozaliwa imesimama juu ya ng'ombe wangu. Kwa hiyo siombi kuambiwa ukweli katika nyumba hiyo, ninao mgao. Mpaka nijue ngozi ya bastola yangu imekwenda wapi, mimi miguu ya kwenda Muleba sina.

Mwenye gramu tisa zake,
Felista


Issenye
2 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena, na pole kwa maboksi.

Barua yako ilichelewa kidogo kwa sababu dereva aliibeba hadi Mugumu akarudi nayo Tarime, akaja nayo safari ya tatu. Huku mvua bado. Mwalimu Faudhia ambaye tunakaa naye nyumba moja ya walimu ameibiwa kuku wote isipokuwa yule mkali. Kokushubira anakuamkia, na amekutumia kopo la senene waliokaangwa na mama yake. Anaomba usiwapime kabla ya kuwaonja.

Shangazi, pale nilipoandika "tuliisafisha" ilikuwa ni lugha tu ya kawaida ya mwalimu. Niliisafisha mwenyewe. Peke yangu. Kwa sabuni ya kipande na kitambaa laini. Hakuna mtu mwingine aliyehusika na naomba hilo lieleweke vizuri.

Kuhusu gramu tisa sina maelezo. Niko tayari kukatwa kwenye mshahara, mwezi hadi mwezi, hadi bei ya mng'ao itimie. Taja kiasi.

Nilizungumza na Baba. Anasema jambo hili ni la kifamilia, liishe kifamilia, na kwamba hakuna haja kabisa ya mtu kupanda basi hadi Mwanza kumsumbua yule muuzaji, kwani ni mtu mzima sasa na huenda hakumbuki.

Nakuomba kuhusu tarehe 26. Kokushubira ameshaanza kushona. Baba yake ameuliza tena. Nimemwambia shangazi yangu ana shughuli za biashara. Akasema mtu mwenye biashara ndiye anayemtaka.

Mwanao anayekutegemea,
Steven


Nyamisangura
20 Septemba 2024

Steven,

Senene nimewaonja kwanza. Ni watamu. Halafu nikawapima.

Mtoto wa Eunice amepata jino, mapema mno, kwetu tunasema ni mkali kama bibi yake. Mume wangu amemuuza beberu bila kuniuliza.

Sasa sikiliza. Mimi neno Mwanza sikuwahi kulitaja kwa Nashoni. Sikuwa na wazo la kwenda Mwanza. Wazo hilo nimelipata kwenye barua yako, pale alipokutuma uniambie nisiende. Jumatatu nikapanda basi.

Duka lipo. Muuzaji yupo, mzee wa miwani, na anakumbuka hadi viatu alivyovaa baba yako. Nikamwekea bastola kwenye kaunta nikamwambia, "Mzee, hii ni ya bei ya juu, mtoto wa kaka yangu ameiharibu ngozi. Nipe bei ya kuirudishia, nimkate."

Akaivaa miwani yake vizuri. Akaigeuza, akafungua ngoma, akafunga. Akasema, "Mama, hii ni ya bei ya chini."

Nikamwambia, "Imekuwa ya chini baada ya kufika Issenye."

Akasema, "Imezaliwa hivi. Tazama." Akatoa ile ya juu kwenye kabati akaziweka sambamba. Steven, ile ya juu si nyeupe. Ni nyeusi yenye ubluu ndani yake, kama shingo ya njiwa, unaona uso wako kwa mbali kama umeutazama kisimani. Akasema hicho kiwanda hakijawahi kutoa nyeupe inayong'aa, hata moja. Anayetaka nyeupe hupakwa mtaani, nikeli, kama bomba la pikipiki. Nikamwonyesha mpini. "Na huu mti?" Akaunusa. Akasema, "Mama, huu ni mninga. Huu ulikuwa unaelekea kuwa kitanda."

Niliomba maji. Alinipa soda, hakunitoza.

Jana nimekwenda Nyarero. Nimemkuta baba yako anachunga, nikamwita kwa jina la utotoni ili ajue mambo yamefika wapi. Nikasema, "Nashoni, uliniletea ipi?" Akasema, "Dada, mlio si ni ule ule?" Nikasema sijauliza mlio. Akasema, "Miaka saba umefurahi. Mtu akifurahi miaka saba amedhulumiwa nini?" Nikasema, tofauti ya bei ilikwenda wapi? Akawatazama ng'ombe, ng'ombe nao hawakumsaidia. Kisha akasema, "Suti."

Ile suti ya kijivu. Ile anayovaa kila tarehe 14 Oktoba na kukaa nayo meza kuu karibu na diwani wakati mimi nipo juani nafyatua. Miaka saba mng'ao wangu umekaa kivulini, umevaa tai, unapewa maji ya chupa.

Suti imeshafika kwangu. Ipo juu ya mifuko ya saruji. Hayo ni yangu na yeye, wewe usiyaingilie.

Kwako bado nina jambo moja. Hukubadilisha, nimekubali. Nilikusingizia na nimekuandikia hapa ili uwe nayo kwa mkono wangu. Lakini nikeli ya Sirari ilikaa miaka saba mikononi mwangu, jua na jasho, haikubanduka hata mahali padogo. Kwako imebanduka yote, hadi ndani ya ngoma. Kwa sabuni ya kipande na kitambaa laini?

Shangazi yako,
Felista


Issenye
25 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Mvua imenyesha kidogo.

Nisamehe kwamba nilijua habari za Baba na sikusema. Niligundua ilipoanza kubanduka. Nilimpigia akalia kwenye simu, na mimi sikuwahi kumsikia akilia. Nisingeweza kuwa mimi wa kukuambia. Yeye ni baba yangu.

Kuhusu kubanduka, nadhani ni hali ya hewa. Huku tuna upepo mkavu.

Nasubiri neno lako kuhusu Muleba. Zimebaki wiki chache na nauli za watu nimeshalipia nusu.

Steven


Nyamisangura
30 Septemba 2024

Steven, mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mtoto hajambo. Leo salamu ni fupi kwa sababu zako zilikuwa fupi, na mtu wa salamu ndefu akizifupisha ujue amebanwa.

Upepo mkavu. Nimecheka hadi mteja akarudisha kitasa akidhani namcheka yeye.

Jana mchana niliifungua ile bastola yote mezani, mimi na mume wangu ameshika tochi ya simu. Ndani ya ngoma, kwenye vile vishimo vya fataki, nimetoa nyuzi za chuma. Nyuzi za steliwaya ya kusugulia sufuria, ninauza hizo, nazijua kwa kuzigusa. Chini ya kifyatulio nimetoa unga wa kijivu nikauweka kwenye ulimi. Ni jivu. Jivu la mkaa, limechekechwa. Chini ya mpini kulikuwa na mbegu ya limau.

Steven, wewe nimekulea likizo ngapi? Ulikuwa unaosha sahani upande wa kulia chakula tu, ule wa chini ukimwachia Mungu. Mtu aliyechekecha jivu, akakamua limau, akaingiza steliwaya kwenye vishimo sita kimoja kimoja kwa kijiti, huyo si wewe. Huyo ni mtu aliyelelewa kwenye nyumba ambako sufuria ya jirani hairudi kwa mwenyewe mpaka iwe safi kuliko ilivyokuja. Alitaka shangazi wa mchumba wake aifungue aione inang'aa. Akasugua, ikaanza kubanduka, akadhani ni uchafu, akazidi kusugua. Ningekuwepo ningemkuta amekaa kwenye kigoda na machozi, na wewe umesimama mlangoni unatunga habari za sabuni ya kipande.

Na nimeelewa kwa nini uliandika "peke yangu" kwa herufi nzito kuliko nyingine. Umeogopa. Umeona nikijua ni yeye, nitafika Muleba nikiwa nimeshamhukumu, au nisifike kabisa. Ukaona afadhali nikuite mwizi wewe, ukatwe mshahara, kuliko mimi nimtazame yeye vibaya. Baba yako ulimficha kwa woga. Huyu umemficha kwa kitu kingine, na hicho mimi sikipimi.

Lakini hujaniuliza mimi naona nini. Nitakuambia. Miaka saba bastola ile imepita mikononi mwa diwani, mwa mapadri wawili, mwa Waisiko, mwa ukoo mzima wa Magige, wote wakaisifu, na mimi niliyeijenga biashara kwa kujua bati jembamba kwa mlio nikaisifu kuliko wote. Hakuna aliyeikwaruza hata kwa ukucha. Msichana wa Muleba ameishika jioni moja na jivu lake, ukweli wa kaka yangu ukatoka wote. Na chini yake chuma ni kizima. Kimepauka, lakini ni kizima, nimefyatua mara mbili nyuma ya duka, na Waisiko amenipigia kutoka nyumbani kwake kuuliza ni nini. Tarehe 14 ataisikia tena. Naipeleka hivyo hivyo ilivyo, na anayetaka kucheka acheke akikimbia.

Sasa nataka kitu kimoja kwako, na sitaki kipitie kwenye mvua wala kuku wa mwalimu Faudhia. Mtu nitakayesafiri kwenda kumwombea, lazima kwanza asiwe amefichwa nyuma ya mgongo wa mtu kama kosa. Nikimkuta Muleba, nataka nimwambie asante kwa jina lake, mbele ya baba yake, na siwezi kumshukuru mtu kwa kazi ambayo mume wake mtarajiwa anasema ilifanywa na upepo.

Kokushubira ndiye aliyeisugua? Ndiyo au hapana. Neno moja, kwenye karatasi, bila shikamoo. Dereva wa Noah anaondoka Issenye Jumamosi hii tarehe 5 na mimi nitakuwa stendi ya Tarime saa sita mchana nimeshika nauli ya Muleba mkononi. Ikija "ndiyo", nakata tiketi palepale. Ikija "hapana", au ikija barua ndefu, tafuta shangazi mwingine.

Saa sita, Steven. Ndiyo au hapana?

Felista Magige